Maswali ya Wasomaji: Kusafisha Kioo cha Plastiki cha Pikipiki Bila Kukiharibu

Barua nne zimetufikia kutoka Mwanza na Ukerewe zikihusu kioo cha mbele cha pikipiki, kile cha plastiki kinachofungwa juu ya taa ili kumkinga dereva na upepo, vumbi na mvua. Kwa kuwa zinagusana tumezijibu pamoja, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu mazoea yanayoelezwa humo ndiyo chanzo cha mengi yanayolalamikiwa katika zile nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kipo Igoma, na abiria wangu wengi ni wa Kisesa na wa mjini. Miezi michache iliyopita nilifunga kioo kipya cha mbele cha plastiki. Kila asubuhi nakifuta vumbi kwa kitambaa kikavu ninachokiweka chini ya kiti, na kikizidi uchafu nakiosha kwa sabuni ya unga, kisha nakimalizia kwa dawa ya kusafishia vioo vya magari ili king'ae. Mchana naona vizuri, lakini usiku gari likija mbele yangu taa zake zinatawanyika kwenye kioo chote hata barabara siioni. Mwenzangu wa kijiweni anasema kimeganda mafuta, nikifute kwa petroli. Fundi mmoja anasema nikipige msasa. Nimsikilize nani?
Dereva wa bodaboda, Igoma

JIBU: Ndugu dereva, kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, na petroli hasa ibaki kwenye tangi. Kwa jinsi ulivyoeleza, kioo chako hakijaganda mafuta, bali kimekwaruzika. Mikwaruzo yenyewe ni midogo kiasi kwamba mchana, mwanga unapotoka pande zote, jicho haliioni. Usiku mwanga hutoka sehemu moja na huwa mkali, na kila mkwaruzo huukamata kidogo na kuutupa upande wake, ndiyo maana taa mbili za gari zinageuka kuwa weupe uliotanda kioo kizima. Unaweza kulihakiki jambo hili mwenyewe usiku wa leo. Osha kioo kwa namna nitakayoieleza hapa chini, kiache kikauke, kisha kaa upande wa dereva na umwombe mwenzako amulike tochi ya simu kutoka upande wa pili. Ukiona vistari vyembamba vimejipanga mviringo kuizunguka tochi, hiyo ni mikwaruzo. Ukiona utando unaobaki na alama ya kidole unapougusa, huo ni uchafu au mabaki ya sabuni, na utatoka kwa maji.

Chanzo kikubwa ni kile kitambaa kikavu cha asubuhi. Vumbi la Mwanza si unga laini. Mji wenu umekaa juu ya miamba ya graniti, ile ile inayoonekana katika Mwamba wa Bismarck pale ziwani na katika vilima vya mawe vilivyojaa nyumba, na graniti inapomomonyoka hubakiza mchanga wenye madini ya kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye daraja la 1 hadi la 10, kwatzi iko daraja la 7, juu ya kioo halisi cha dirishani, na plastiki ya kioo chako iko chini sana ya vyote viwili. Ukiburuta kitambaa kikavu juu ya vumbi la namna hiyo, unakipiga kioo msasa kila asubuhi pasipo kujua, na kadiri unavyosugua kwa bidii ndivyo unavyokiharibu zaidi. Kitambaa kinachokaa chini ya kiti nacho kina vumbi lake tayari kabla hata hakijagusa kioo, tena huko chini kinakutana na grisi na spana.

Kabla ya kueleza namna ya kuosha, ni vizuri ujue unaosha kitu gani. Vioo vya mbele vya pikipiki hutengenezwa kwa plastiki za aina mbili. Ya kwanza ni polikaboneti, ambayo ni ngumu sana kuvunjika hata ikipigwa na jiwe lililorushwa na lori, lakini uso wake ni laini na hukwaruzika upesi, kwa hiyo watengenezaji wengi huifunika kwa tabaka jembamba gumu la kinga. Ya pili ni akriliki, ambayo wengine wanaijua kwa majina ya biashara ya Plexiglas au Perspex. Uso wake unahimili mikwaruzo vizuri zaidi kidogo kuliko polikaboneti isiyo na kinga, lakini ikipigwa kwa nguvu hupasuka. Wakati mwingine utakuta alama ya PC kwa polikaboneti au PMMA kwa akriliki imegongwa pembeni mwa kioo au kuandikwa kwenye boksi lake. Usipoiona, kitunze kwa masharti ya zote mbili, kwa maana hakuna hasara katika kuwa mwangalifu kupita kiasi.

Masharti hayo yanagusa hasa dawa unazotumia. Dawa nyingi za kusafishia vioo vya magari na madirisha zina amonia. Kwa kioo halisi haina neno, lakini polikaboneti ikipakwa amonia mara kwa mara huanza kufifia na kupata nyufa ndogo ndogo. Sabuni ya unga ina magadi, nayo polikaboneti haipatani na magadi makali. Zaidi ya hapo, punje zake zisipoyeyuka vizuri zinakwaruza. Petroli, thina, asitoni ya kuondolea rangi ya kucha na spiriti vinashambulia plastiki yenyewe. Akriliki ikifutwa kwa petroli au spiriti inaweza kutoa mtandao wa nyufa nyembamba ambazo hakuna fundi awezaye kuzitoa, na polikaboneti ikiguswa na petroli mahali palipokazwa kwa bolti hupasuka kuanzia hapo. Mwenzako wa kijiweni pengine aliona petroli inatoa grisi kwenye injini, na huko ni sawa, kwa sababu injini ni chuma.

Sasa namna ya kuosha. Paki pikipiki kivulini na ukiache kioo kipoe kabisa, kwa sababu juani maji na sabuni hukauka kabla hujavisuuza na kuacha madoa. Andaa ndoo mbili za maji safi, baridi au vuguvugu, na katika moja weka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita nne au tano. Usiongeze kwa kudhani kwamba povu jingi ndilo usafi. Kabla hujagusa kioo kwa chochote, kimwagie maji mengi kuanzia juu, ukiyaacha yateremke na vumbi. Mwaga mara ya pili. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, ilhali ndiyo inayookoa kioo, kwa sababu chembe iliyoondoka na maji haiwezi tena kukwaruza. Mtu akiniambia ana maji ya ndoo moja tu na lazima achague, nitamwambia ayatumie karibu yote hapa, na sabuni aiache.

Baada ya hapo chovya kitambaa laini kwenye maji ya sabuni na ukipitishe juu ya kioo bila kukandamiza, kutoka juu kwenda chini kwa mistari iliyonyooka, si kwa kuzungusha mkono. Kila baada ya mipito miwili mitatu kisuuze kwenye ndoo ya pili, ukikunjue na kukitikisa humo mpaka uone mchanga unatua chini ya ndoo, kisha ndipo ukirudishe kwenye sabuni. Mipito hii iwe mepesi, kwa kuwa kazi ya kulegeza uchafu ni ya maji na sabuni, na mkono unabeba tu kile kilichokwisha kulegea. Sehemu iliyogoma ipe muda na maji zaidi badala ya kuikazania. Suuza kwa maji safi kuanzia juu, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa kingine safi na kikavu, ukikibonyeza na kukiinua pasipo kukiburuta.

Kitambaa chenyewe kiwe cha maikrofaiba, ambacho siku hizi kinapatikana kwenye maduka mengi ya vipuri, au fulana ya pamba iliyochakaa isiyo na mshono mnene, kifungo wala zipu. Khanga iliyofuliwa mara nyingi nayo inafaa. Gazeti, karatasi za chooni, dodoki na waya wa kusugulia sufuria visikaribie kioo hicho. Hata gazeti, ambalo mafundi wa zamani walilisifu kwa vioo vya madirisha, lina nyuzi za mti zinazotosha kukwaruza plastiki. Kitambaa cha kioo kikae peke yake kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, na kikidondoka chini, hata kama umechelewa abiria, usikirudishe kwenye kioo kabla hujakifua.

Kuhusu msasa, fundi wako hakukosea moja kwa moja. Alichosema kinategemea aina ya kioo. Akriliki isiyo na tabaka la kinga inaweza kusawazishwa kwa msasa laini wa maji, kuanzia namba 1000 kwenda 2000 na 3000, kisha ikang'arishwa kwa dawa ya kung'arishia plastiki. Ni kazi ya subira inayofanywa na mtu aliyewahi kuifanya, na kioo kikitoka na mawimbi kinapindisha kila unachokitazama. Polikaboneti yenye tabaka la kinga haipigwi msasa, kwa sababu msasa unalitoa tabaka lenyewe na kukiacha kioo kikiwa dhaifu kuliko mwanzo. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukikwama, huo ni wa kina na dawa ya kung'arisha haitautoa. Usipokwama, na ukawa na hakika kwamba ni akriliki, jaribu dawa ya kung'arishia plastiki kwenye kona ya chini kwanza. Wapo wanaotumia dawa ya meno kwa kazi hiyo, nayo husaidia kidogo kwenye mikwaruzo midogo sana kwa kuwa ina chembe laini za kusugulia, lakini kwa kioo kizima ni kupoteza muda.

Nimalizie barua yako kwa jambo ambalo hukuliuliza. Kioo cha mbele cha pikipiki hakikusudiwi kutazamwa kwa ndani wakati wote kama cha gari. Kikiwa na urefu unaofaa, ukingo wake wa juu hufika kwenye usawa wa pua au mdomo wa dereva aliyekaa wima, macho yakapita juu yake na upepo ukarushwa juu ya kofia. Kama chako kinakulazimisha kutazama kupitia plastiki, kishushe kwenye vishikio vyake au umwombe fundi akipunguze. Mpaka utakapokirekebisha au kukibadilisha, kifungue safari za usiku na utumie kioo cha kofia ngumu kilicho safi. Upepo wa usoni ni kero, lakini kutoiona barabara ni hatari ya kweli kwako na kwa abiria wako.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha hapa Ukerewe na husafiri kwa pikipiki yangu asubuhi na jioni. Zipo siku ambazo wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi hujibandika kwenye kioo mpaka kikawa cheusi, na wakikauka hawatoki. Huwa nawakwangua kwa ukucha au kwa dodoki lenye sabuni. Je, ipo njia bora zaidi?
Mwalimu, Nansio

JIBU: Mwalimu, ipo, tena ni ya mtu mvivu. Wadudu hao huishi utoto wao majini na kwenye tope la ziwa, kisha hutoka kwa pamoja wakiwa na mabawa, na wengi wao hutoka zaidi siku za mwezi mwandamo, kwa hiyo mwenye kalenda ya mwezi anaweza kujiandaa. (Ninajua kwamba wapo watu wa mwambao wanaowaona wadudu hao kama kitoweo, lakini hapa tunazungumzia waliokwisha kufa kwenye plastiki.) Mdudu anapopasuka kwenye kioo, utomvu wake hukauka ukawa gundi, na gundi hiyo inayeyuka kwa maji ikipewa muda. Ukikwangua ikiwa kavu, vipande vya mdudu na vumbi lililonaswa humo vinachora kioo, na dodoki linachora peke yake hata pasipo mdudu.

Ukifika nyumbani, chukua kitambaa cha pamba kinachotosha kufunika kioo, kiloweke kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, ukikamue nusu na ukitandaze juu ya kioo, kisha uingie ndani unywe chai. Baada ya dakika kumi rudi ukakiangalie. Kama kimeanza kukauka kiloweshe tena na ukiache dakika nyingine tano. Ukikiinua utaona wengi wamebaki kwenye kitambaa, na waliosalia wanateleza kwa kupitishwa kitambaa kingine chenye maji. Usitumie maji ya moto ili kuharakisha. Fanya hivyo siku ile ile, maana utomvu uliolala usiku kucha na kupigwa jua la asubuhi ni mgumu mara dufu, na ukiachwa siku nyingi unaweza kubakiza alama.

Maelezo hayo yanafaa pia kwa kioo cha kofia ngumu, ambacho mara nyingi ni polikaboneti, kwa tahadhari moja: upande wa ndani wa baadhi ya vioo hivyo umepakwa dawa ya kuzuia ukungu, ambayo hutoka ukiusugua. Upande huo uumwagie maji tu na uuache ukauke wenyewe.

SWALI: Habari za kazi. Mimi na wenzangu tunaosha pikipiki na bajaji karibu na ziwa, upande wa Kirumba. Tumenunua mashine ya kusukuma maji kwa nguvu. Mteja mmoja analalamika kwamba kioo chake kilipata nyufa baada ya kuoshwa kwetu. Je, mashine inaweza kufanya hivyo? Na maji ya ziwa yana madhara?
Kijana muosha pikipiki

JIBU: Salama, kijana. Mashine peke yake mara chache hupasua kioo kizima, lakini maji ya nguvu yanayoelekezwa kwa karibu kwenye ukingo au kwenye mashimo ya bolti yanaweza kurefusha ufa uliokuwapo na kubandua tabaka la kinga lililokwisha kulegea. Vilevile yanazikandamiza chembe za mchanga kwenye plastiki badala ya kuziteremsha. Kwa kioo tumieni mpira wa kawaida, na mashine ibaki kwenye matairi na injini. Ulizeni pia mnatumia dawa gani, kwa kuwa baadhi ya dawa za povu za kutolea grisi zina magadi makali, na inawezekana kabisa kwamba nyufa za mteja wenu zimetokana nayo.

Maji ya ziwa yenyewe hayadhuru plastiki. Yanayodhuru ni yale yanayochotwa ukingoni, palipo na mchanga na mwani. Yaacheni yatulie kwenye pipa na mchote ya juu. Hata hivyo kuna jambo zito zaidi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli zinazoweza kuharibu mazingira yake, na maji yenye sabuni, grisi na oili yanayoteremka ziwani yanaingia humo. Sogezeni kazi juu, mbali na maji, kabla hamjasogezwa.

SWALI: Mhariri, nina pikipiki mbili ambazo nimewapa vijana kwa mkataba. Mmoja amebandika stika kioo kizima cha mbele, na nimemwambia azitoe. Amezing'oa, gundi imebaki. Pia nimeona nyufa nyembamba kuzunguka bolti. Nifanyeje?
Mama mwenye pikipiki, Buhongwa

JIBU: Mama, gundi ianze kwa kitambaa chenye maji vuguvugu na sabuni, kiachwe juu yake kama tulivyomweleza mwalimu wa Nansio. Itakayobaki ipakwe mafuta kidogo ya kupikia kwa ncha ya kidole na kusuguliwa taratibu mpaka iviringike, kisha paoshwe mara moja kwa sabuni ya vyombo mafuta yote yatoke. Asitumie wembe wala kisu, na wala asikubali thina ya fundi wa rangi. Stika zikirudi, zibaki pembeni na chini, pasipozuia macho.

Nyufa za kwenye bolti ni habari nyingine, na hazitoki kwa kusafisha. Mara nyingi hutokea pale bolti inapokazwa kupita kiasi, chuma kikagusa plastiki moja kwa moja na kuinyima nafasi ya kutanuka juani. Petroli au thina ikifika hapo, nyufa hukimbia. Mwambie fundi aweke washa za mpira pande zote mbili za kila shimo, akaze kwa mkono mpaka kioo kisicheze, kisha aongeze kidogo tu kwa spana. Ufa ambao haujafika ukingoni unaweza kuangaliwa kila wiki. Ukifika ukingoni, au nyufa za mashimo mawili zikikutana, kioo kibadilishwe kabla hakijamrukia dereva akiwa mwendoni, na nani analipia ni suala la mkataba wenu, ambalo ni vizuri liandikwe kabla kioo kipya hakijafungwa.